Majani Niliyobeba Kwenda Mabira

Binti yangu wa kwanza aliolewa Mabira, kwa wafugaji. Sisi ni watu wa kijiji cha Ndama, watu wa migomba na kahawa. Ng'ombe kwetu ni yule mmoja anayefungwa nyuma ya jiko kwa ajili ya mbolea na chai ya watoto. Kule alikokwenda, ng'ombe ndiyo maisha yenyewe. Harusi ilifungwa kanisani, tukala, tukaimba, tukaagana. Nikarudi shambani kwangu nikimshukuru Mungu kwamba kazi moja ameniwezesha kuimaliza.

Haikupita miezi mingi akanipigia simu asubuhi, niko shambani napunguza majani makavu ya migomba.

"Mama, leo sioni vizuri. Macho yamevimba, uso umekuwa kama andazi."

"Umeng'atwa na nyuki?"

"Hapana. Ni kila siku. Napiga chafya, najikuna, mikono inatoka mabaka. Jana mpaka midomo."

"Unapumua vizuri?"

"Napumua."

"Kifua hakibani? Koo je?"

"Hakuna kinachobana, mama. Najikuna tu. Nimechoka kujikuna."

Niliuliza habari ya kupumua kwa sababu nilifundishwa kuuliza hivyo. Shule niliiacha mapema kumsaidia mama yangu, nikarudi darasani nikiwa na watoto wanne, kwenye masomo ya jioni ya watu wazima. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mtu wa mifano. Siku ya somo la mzio alituambia kwamba mwili una walinzi wake. Kwa wengi wetu walinzi hawa wanapiga filimbi akija mwizi. Kwa wengine wanapiga filimbi hata akipita kuku, na ile filimbi ndiyo inayoleta chafya, machozi na vipele. Dawa ya aleji, alisema, kazi yake ni kunyamazisha filimbi. Kuku haimgusi. Tukacheka sana, lakini mimi niliandika. Akaongeza kwamba hata mimea yetu mingine, vitunguu vyekundu, kivumbasi, yale majani yanayowasha, inaaminika kuituliza hiyo filimbi kidogo, kila mmoja kwa nguvu yake, na kwamba wataalamu bado wanaichunguza. Nyumbani kwetu hatukungoja wataalamu. Mama yangu alitulea kwa majani hayo.

Mchana ule ule akapiga mkwe wangu, mama wa mume wa binti yangu. Ni mwanamke aliyenizidi umri, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, hata kwenye simu unaisogeza mbali na sikio.

"Mkwe! Mtoto amekupigia?"

"Shikamoo mkwe. Amenipigia."

"Marahaba. Basi nisirudie. Mimi simfukuzi, usije ukasikia hivyo kwa watu. Lakini mzee hapa anasema tumlete kwenu apumzike mpaka apone. Akifukiza ebyanzi siku moja, siku mbili yuko kitandani. Na nyumba ya ng'ombe bila ebyanzi ni nini, mkwe?"

Ebyanzi ni vyombo vya mbao vya maziwa, vyenye shingo nyembamba na vifuniko vilivyosukwa. Havioshwi kwa sabuni. Vinasafishwa kwa moshi: nyasi kavu zinawashwa ndani ya kichungu kidogo cha udongo, kisha chombo kinafunikwa juu yake kichwa chini mpaka moshi ukolee. Maziwa yanakaa bila kuharibika na yanapata ile harufu ambayo mfugaji akiikosa anasema hajanywa kitu. Hiyo ndiyo kazi ya mke wa nyumba. Mkwe wangu alikuwa ameifanya tangu alipoolewa, na sasa alikuwa ameikabidhi kwa binti yangu mbele ya ndugu, kwa heshima.

Nilielewa vizuri maana ya neno "apumzike kwenu". Najua wasichana waliorudishwa kupumzika. Wanapumzika mwezi, wanapumzika mwaka, halafu siku moja unasikia kule nyumbani kwa mume kuna mtu mwingine anakamua. Hakuna aliyesema neno baya na ndoa imekwisha.

Mume wangu nilipomwambia alikasirika. "Kama hawamtaki si arudi? Chumba chake kipo."

"Hawajasema hawamtaki."

"Ng'ombe wao ndio wamesema?"

"Mume wangu, yeye mwenyewe anataka kukaa. Nimemuuliza. Amesema anampenda mume wake na hata ng'ombe ameanza kuwazoea. Sasa mimi nimrudishe kwa sababu ya chafya?"

Akaenda kukata mkungu wa ndizi wa kupeleka. Kwake huko ndiko kukubali.

Kesho yake nilipitia zahanati. Muuguzi ananifahamu, tunaimba kwaya moja. Nikamweleza. Akauliza kama binti ana mimba, kwa sababu vidonge na majani vyote vina masharti yake. Nikampigia simu pale pale, akasema bado. Muuguzi akanipa vidonge vya aleji, akanionyesha namna ya kumeza, kisha akanishika mkono.

"Majani yako najua utabeba, sikukatazi. Ila ukimwona amevimba ulimi, au koo linabana, au anapumua kwa kuvuta, usichemshe chochote. Tafuta usafiri, hospitali."

"Nimesikia."

"Na utafute kinachomletea. Vinginevyo utachemsha majani mpaka shamba liishe."

Nikarudi kuchuma. Mubirizi nina mti mzima kwenye mpaka wa shamba, ule mchungu ambao wengine huuita mululuza, huo ni wa kuogea mwili unaowasha. Kivumbasi kinaota chenyewe karibu na shimo la taka, chemsha uvute mvuke wake, pua inafunguka. Vitunguu vyekundu nikachukua vya jikoni. Ya mwisho ndiyo yale majani yanayowasha, yanayoota kivulini chini ya migomba penye samadi nyingi. Wengi wetu hapa tunayaita upupu tu, ingawa upupu wenyewe ni ule wa maganda. Ukiyagusa yanakuchoma kama siafu. Ukiyachemsha yanakuwa mboga ya kawaida kabisa, na maji yake tunampa mtu mwenye mafua yasiyoisha na vipele vya kuja na kuondoka. Nikavaa mfuko wa plastiki mkononi, nikachuma vichipukizi vya juu na shina moja lenye mizizi, nikafunga kwenye mfuko wa sandarusi.

Nilifika Nkwenda mapema mchana, soko limejaa, nikapata bodaboda ya kwenda Mabira. Kijana akafunga mkungu nyuma, mfuko wangu akautundika mbele yake kwenye usukani.

"Mwanangu, huo mfuko niachie mimi."

"Mama tulia, mimi ndiye dereva."

Tulipoanza kushuka bonde la kwanza nikamwona anahamisha goti. Tena akalihamisha. Mwishowe akasimama katikati ya njia.

"Mama, umebeba nini humu?"

"Dawa."

"Dawa ya nini inayouma watu kupitia suruali?"

"Ya kuondoa muwasho."

Akaniangalia sana. "Sasa huyo mgonjwa wako si bora abaki na muwasho wake?" Akanirudishia mfuko, na njia nzima akawa anajikuna goti na kuniuliza kama kuna dawa ya dawa.

Kwa mkwe wangu ni uwanda wazi, nyumba ya bati na zizi kubwa kuliko nyumba. Nilikuta mbwa, ndama, na nyuma ya nyumba blanketi limesimama lenyewe linakohoa. Mkwe wangu alikuwa amekaa pembeni yake kwenye kigoda.

"Karibu mkwe! Usiogope, humo ndani ni mtoto wako. Tunamfukiza."

"Shikamoo mkwe. Poleni na mgonjwa."

"Marahaba. Tumeshapoa. Hii ni mara ya tatu tunamfukiza, na leo tumeongeza."

Blanketi likafunuka. Sikumtambua mwanangu haraka. Macho yalikuwa mistari miwili. Shingo na mikono ina mabaka yaliyoinuka kama ramani. Alijaribu kucheka.

"Shikamoo mama. Unaona nilivyonenepa?"

Nilitaka kulia, sikulia. Nikamwambia atoe ulimi. Ulimi ulikuwa wa kawaida. Nikaweka sikio kifuani, pumzi inaingia na kutoka vizuri. Hapo ndipo nikamwitikia salamu yake. Nikamnywesha kidonge kimoja, nikamwosha uso kwa maji baridi, nikakaa naye kivulini. Nikamsifu mkwe wangu kwa kumhudumia, na nilimaanisha. Mwanamke yule alikuwa ameacha shughuli zake zote ili amfukize mtoto wangu.

Jioni tulikaa kula, sisi wanawake na mzee wa nyumba. Mkwe wangu mwanaume, yaani mume wa binti yangu, alikuwa amepeleka ng'ombe wakubwa malisho ya mbali kwa siku kadhaa. Mzee alikuwa na swali lake tayari.

"Huko kwenu mlikuwa mnamlisha nini huyu? Maana damu ya ndizi ni nyepesi. Inakuwa kama maji."

"Mzee, sisi tuna nguvu za kubeba magunia ya kahawa kwa hiyo damu nyepesi."

"Sasa mbona anavimba?"

Nikasema nililokuwa nalo moyoni. "Labda ni maziwa."

Hata mbwa nilihisi ameniangalia. Kisha mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Maziwa! Mungu mwenyewe aliwaahidi watu wake nchi ya maziwa, wewe mama wa kanisani unasema maziwa ni ugonjwa!"

"Maziwa na asali, mzee. Na nyuki wa hiyo asali wanauma."

Mkwe wangu alipiga makofi. "Amekupata! Leo umepata mtu." Ndipo binti yangu akasema taratibu kwamba si maziwa. Kwetu alikunywa tangu mdogo. Hapa anakunywa asubuhi na mchana hapatwi na kitu. Kwake jua linaposogea kuzama ndipo mambo yanapoanza.

Nikalala na maneno hayo. Niliomba kama ninavyoomba kila siku, kwa ufupi, kwa sababu Mungu anajua kazi ya kesho. Nikamwomba anifungue macho tu.

Siku iliyofuata nilimpumzisha binti yangu ndani asubuhi, nikamwogesha maji ya mubirizi, na kweli muwasho ulitulia. Mchana alikuwa anaonekana mtu. Alasiri mkwe wangu akasema, "Kwa kuwa leo una nafuu, njoo tumalize ebyanzi kabla ng'ombe wa kukamua hawajarudi." Mimi nikawafuata kuangalia. Nilikuwa sijawahi kuona kazi hiyo kwa karibu.

Mkwe wangu akatoa nyasi kavu, ndefu, nyekundu kidogo, akazikunja kama mtu anayesuka, akaziwasha, akazitia kwenye kichungu. "Hii ni emburara," akaniambia kwa fahari. "Nyasi zote uzionazo huko nje, hii ndiyo malkia." Moshi ukatoka mweupe, mtamu kweli. Binti yangu akainama kuweka chombo. Akapiga chafya. Akapiga nyingine. Nikamwangalia mikono, na mbele ya macho yangu ngozi ikaanza kuinuka, baka moja karibu na kiwiko, kisha lingine.

Lakini kilichonishtua zaidi ni ile harufu. Nilikuwa nimeinusa jana, kwenye blanketi.

"Mkwe," nikamwita. "Jana mlimfukiza kwa majani gani?"

"Si hii hii. Emburara. Mgonjwa unampa kilicho safi kuliko vyote, utampa majani ya porini usiyoyajua?"

Nikamvuta binti yangu nje upande upepo unakotoka. Mkwe wangu akabaki ameshika chombo.

Hata leo nikilieleza jambo hili watu wa Ndama hucheka, lakini mimi sikucheka siku ile wala sicheki sasa. Kwao emburara ni usafi. Chombo chenye harufu mbaya kikipita kwenye moshi wake kinatoka kizuri. Maziwa yanayotaka kuharibika yanakaa. Mtu akiwaza namna hiyo, atamfanyia nini mkwe anayemwonea huruma, mwenye mwili uliochafuka kwa vipele? Atamfukiza kama anavyofukiza chombo bora cha nyumba. Kadiri alivyovimba, wakazidi kumfukiza. Kila walivyomfukiza, akazidi kuvimba.

Nilimweleza mkwe wangu pale nje. Nilijaribu kusema kwa upole lakini jambo lenyewe halikuwa na njia ya upole.

"Unasema nyasi ya mama yangu ni sumu," akasema.

"Sijasema hivyo."

"Mama yangu alinipa emburara siku niliyoolewa. Nimelea watoto sita ndani ya moshi huu. Hakuna aliyepiga chafya."

"Mkwe, karanga ni sumu?"

"Karanga tena zinaingiaje?"

"Jirani yangu akila karanga moja anakimbizwa hospitali. Mimi nazila kila siku. Karanga ni ile ile."

"Basi mtoto wako ana kasoro."

"Ana mwili wake tu. Hajajichagulia."

Akaingia ndani, akaniacha. Jioni ile hakuzungumza nami zaidi ya "chukua chumvi". Niliogopa. Nilifikiri, nimekuja kuokoa nafasi ya mwanangu katika nyumba hii, na badala yake nimeitukana nyumba. Binti yangu naye alinilaumu chinichini.

"Mama, ungesema ni vumbi. Vumbi lingemkasirisha nani?"

"Na kesho ungevuta moshi tena."

"Ningezoea."

"Huzoei. Muuguzi ameniambia kuna siku uvimbe unaweza kushuka kooni. Ukiona hivyo ni hospitali, nje ya hapo ni kaburi. Sasa wewe chagua nani akasirike."

Asubuhi nilimfuata mkwe wangu zizini. Nikamwambia sitaki tubishane kwa maneno. Namwomba siku chache tu: binti asifukize, asifukizwe, alale chumba cha mbali na jiko la moshi, na mimi nimpe majani yangu. Kama akiendelea kuvimba, nitamchukua mwenyewe niende naye Ndama na sitamlaumu mtu. Nililisema hilo la mwisho bila kutaka. Lakini nisingeweza kumwomba aweke rehani desturi yake na mimi nisiweke kitu.

"Na ebyanzi atafukiza nani?" akauliza.

"Nitakusaidia mimi. Nifundishe."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Mtu wa ndizi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu jana akatabasamu.

Nikaanza kazi yangu. Asubuhi binti alikunywa maji ya yale majani niliyokuja nayo, yamechemka mpaka rangi ya kijani imekolea, na limao kidogo. Chakula chake nilikichanganya na vitunguu vyekundu vingi, vingine vibichi. Jioni mubirizi wa kuogea, na kabla ya kulala kivumbasi apate kupumua kwa pua. Kidonge sikukiacha. Wako watu wa kwetu wanaona ukimeza kidonge umeyakana majani, na wako wengine wanaona ukichemsha majani umeikana zahanati. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja wa kuponya, sikuwa na muda wa kuchagua chama.

Mkwe wangu alipotaka kuona majani yenyewe nilimwonya asishike. Akashika. Akaruka, akatukana kwa Kinyambo tusi ambalo sitaliandika.

"Mkwe! Huyu mtoto anawashwa, unamnywesha kitu kinachowasha?"

"Kikichemka hakiwashi."

"Na mimi ndiye uliyesema namdhuru!" Akapuliza vidole vyake, kisha akacheka kile kicheko cha zizini mpaka ndama wakageuka. Alichovya kidole kwenye kikombe cha maji yale, akaonja. "Kama maji ya mchicha. Mbona ugomvi mwingi shambani kwa kitu cha namna hii?"

Mabaka yalipungua. Macho yakafunguka. Binti akaanza kufagia uwanja, akaanza kutania. Lakini mkwe wangu hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. Alisema majani yangu ni mazuri, hiyo amekubali. Basi binti ayanywe aendelee kufukiza, tatizo limekwisha. Mzee naye akaunga mkono. Ilikuwa hoja ya maana. Nilichojua ni kile cha kuku na filimbi, na nikakisema, na mzee akauliza kuku wameingiaje.

Aliyejibu ni upepo. Wageni walikuja, ndugu wa mzee kutoka upande wa mpakani, na mgeni wa mfugaji huwezi kumpa maziwa ya chombo kisichofukizwa vizuri. Mkwe wangu akafukiza mwenyewe, emburara nyingi, nje karibu na zizi. Binti yangu alikuwa upande wa pili anachambua maharage. Asubuhi alikuwa amekunywa majani yake yote, na kidonge jana yake. Upepo ukageuka, moshi ukamfikia ukiwa mwembamba, hata mimi niliuona kama ukungu tu. Akapiga chafya mfululizo, mikono ikatoka mabaka hapo hapo, safari hii machache, wala uso haukuvimba kama mwanzo. Mkwe wangu aliacha kichungu kikiwaka peke yake. Alivuka uwanja, akamshika mkono, akaugeuza huku na huku, akayagusa mabaka kwa kidole kimoja kimoja.

"Basi," akasema. Akarudi kuwapa wageni maziwa yao.

Wageni walipoondoka alimwambia mzee, mimi nikiwa pale. "Nyumba hii itabadilisha moshi."

"Moshi gani?"

"Wa ebyanzi. Bibi yako mzaa baba alikuwa anatumia vijiti vya mzeituni mwitu, ulinieleza mwenyewe."

"Wakati wa ukame! Emburara ilikuwa imeungua nchi nzima!"

"Na maziwa mlikunywa."

"Tulikunywa kwa shida."

"Utakunywa kwa shida tena. Au nimrudishe huyu kwa mama yake, mimi nirudi kukamua na mgongo huu? Chagua, mzee. Ila ukichagua hivyo, wewe ndiye utakayemweleza mwanao atakaporudi na ng'ombe akute mke hayupo."

Mzee alisema watu watacheka. Mkwe wangu alisema waje wacheke, watapewa maziwa. Basi tukaenda kutafuta mzeituni mwitu, mimi na yeye, kwenye kilima nyuma ya zizi. Tulijaribu kwanza kwa hadhari. Binti alikaa mbali, akasogea kidogo, akasogea tena, mimi namwangalia mikono kama mtu anayeangalia maziwa yasichemke yakamwagika. Alipiga chafya moja, akasema ni ya moshi tu, na ilikuwa hivyo. Ngozi ilibaki tulivu. Hata hivyo tulikubaliana afanye kazi hiyo nje, amesimama upande upepo unakotoka, na kitambaa puani.

Maziwa ya kwanza ya moshi mpya tulimpelekea mzee. Aliyanusa. Akanywa kidogo, akayazungusha mdomoni.

"Haya maziwa ni ya watu nisiowajua," akasema.

"Yamalize uwafahamu," mke wake akamjibu.

Akayamaliza, uso umekunjamana. Kesho yake alilalamika tena na akayamaliza tena. Mkwe wangu akaniambia pembeni kwamba emburara haitupi, ataitumia kwa mkono wake siku binti akienda kanisani au sokoni, maana ni ya mama yake. Nikamwambia ni haki yake.

Siku ya kuondoka nilimwachia binti yangu vidonge vilivyobaki na shina la yale majani, tumelipanda penye samadi na kuliwekea miiba ndama wasiliguse, ingawa mkwe wangu alisema ndama akiligusa mara moja hatarudia. Nikamrudia maneno ya muuguzi kuhusu koo na ulimi, akayarudia kwangu neno kwa neno. Tukasali pamoja, mkwe wangu ndiye aliyefunga, kwa sauti ile ile.

Bodaboda ilipofika nilijua kwamba mwanangu atanisindikiza mpaka njia kubwa, ndiyo desturi yetu, mzazi haagwi mlangoni. Nikasimama nikimngoja. Ng'ombe wakaanza kuingia, vumbi limepanda, na mume wake mbele yao, amerudi na fimbo begani. Nikamwona binti yangu anatoka na chombo mkononi, kanga amefunga kiunoni, anapita katikati ya pembe zile ndefu kama aliyezaliwa humo.

"Mama, nenda tu!" akaniita kutoka zizini. "Nikiondoka sasa huyu wa madoa hatakamulika!"

Nikamwambia dereva twende.